Kipandauso cha mjamzito katika joto la Tanga

Mjamzito akilalamikia kichwa hapa Tanga, jibu la kwanza analopewa huwa ni lilelile: "Vumilia mwanangu, ni mimba hiyo." Jibu hilo hutolewa kwa huruma, na mara nyingi lina ukweli, kwa kuwa miezi ya mwanzo ya ujauzito huwaletea wanawake wengi maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu ambavyo huondoka vyenyewe. Hata hivyo, kwa sisi tulioingia katika ujauzito tukiwa tayari na kipandauso, jibu hilo halitoshi, na wakati mwingine laweza kugharimu maisha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, na maradhi haya ninayo tangu nikiwa msichana wa sekondari. Mimba zangu zote mbili nimezibeba katika mji huu, nikiishi Makorora. Ninachotaka kumwambia mwenzangu aliye katika hali hiyo ni kwamba ayafahamu maumivu yake kwa undani, aijue tabia yake, mwanzo wake na mwisho wake, ili siku yakija maumivu ya aina nyingine asiyachanganye na yale aliyoyazoea, bali aende kupimwa presha siku hiyohiyo.

Kipandauso ni maradhi ya ubongo yenye tabia zake. Kwa kawaida maumivu hushika upande mmoja wa kichwa, hupwita kwa kufuata mapigo ya moyo, huzidi mtu anapoinama au kupanda ngazi, na huambatana na kichefuchefu, kutapika na kushindwa kustahimili mwanga na kelele. Yasipotibiwa, shambulio moja laweza kuendelea kwa muda wa saa 4 hadi 72. Baadhi yetu hutanguliwa na ishara: mistari ya mwanga inayopindapinda machoni, ganzi inayopanda kutoka vidoleni hadi shavuni, au ulimi kuwa mzito. Ishara hizo hukua polepole na kwa kawaida huisha ndani ya saa moja. Baada ya kubalehe, wanawake huugua maradhi haya takribani mara 3 zaidi ya wanaume, na sababu kubwa ni homoni ya estrojeni, ambayo kupanda na kushuka kwake huchochea mashambulio. Ndiyo maana wengi wetu tulianza kuumwa karibu na siku za hedhi.

Katika ujauzito, estrojeni hupanda sana, kisha hubaki juu bila kuyumba kama ilivyokuwa kila mwezi. Kwa sababu hiyo wanawake wengi wenye kipandauso hupata nafuu kuanzia mwezi wa nne hivi, na baadhi yao hukaa hadi kujifungua bila kuumwa kabisa. Nafuu hiyo huwafikia zaidi wale ambao maumivu yao hayatanguliwi na ishara. Wenye ishara hawana uhakika huo, na wapo ambao huziona ishara kwa mara ya kwanza maishani wakiwa wajawazito. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu, kwa kuwa homoni bado inapanda, usingizi unavurugika, chakula hakikai tumboni na maji hayanyweki. Katika mimba yangu ya kwanza mambo yalikwenda hivyo hasa: mwanzo ulikuwa wa mateso, kisha nikapumzika. Katika mimba ya pili nafuu ilichelewa sana, na kila aliyeniambia kwamba yatakwisha mwezi wa nne aliniongezea hofu ulipopita mwezi huo bila mabadiliko. Kwa hiyo ningependa anayesoma haya ajue kwamba nafuu huwapata walio wengi, lakini yule asiyeipata hana kasoro yoyote mwilini mwake wala hakukosea jambo.

Mji wetu una namna yake ya kukichochea kichwa. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto na unyevu hukutana, jasho hutoka hata mtu akiwa ameketi, na mjamzito anayetapika asubuhi huwa ameishiwa maji kabla ya saa nne. Mwanga wa jua la mchana unaorudishwa na ukuta uliopakwa chokaa, au na maji ya bahari kule Raskazone, huingia machoni kwa ukali ambao mtu asiye na maradhi haya hauhisi. Kuna moshi wa mkaa, mafuta ya kukaangia samaki yanayotumika mara ya tatu, udi unaofukizwa chumba kikiwa kimefungwa, na manukato ya mafuta ambayo wageni wa harusini huja nayo. Vitu hivi nilivipenda vyote kabla ya ujauzito, na udi ninaupenda hadi leo, lakini pua ya mjamzito hukikuza kila kitu, na harufu peke yake yatosha kuanzisha shambulio. Nilimwomba mume wangu jiko la mkaa lihamishiwe uani, upande ambao upepo hauleti moshi ndani, na wifi yangu alikubali kukaanga samaki kwao na kuniletea wakiwa wamepoa. Mambo hayo ya nyumbani yanaonekana madogo, lakini kwangu yalisaidia kuliko kitu chochote kilichouzwa dukani.

Njaa ndiyo adui mwingine. Tumbo likikaa tupu kwa saa nyingi, sukari ya damu hushuka na kichwa hufuata, jambo ambalo humweka mjamzito mwenye kichefuchefu katika shida mbili, kwa kuwa akila anatapika na asipokula anaumwa kichwa. Kilichonifaa ni kula kidogo mara nyingi: kipande cha mkate mkavu kabla ya kushuka kitandani, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyopoa saa tatu, ndizi au chungwa la Muheza wakati wa mapumziko ya shule, kisha chakula cha mchana hata kama ni mikono michache ya wali. Chupa ya maji niliiweka juu ya meza darasani na nilikunywa kidogokidogo bila kusubiri kiu. Usingizi nao unataka utaratibu, kwa maana kulala sana siku ya mapumziko kunaweza kuleta shambulio sawasawa na kukesha.

Kuhusu kahawa na chai, wapo wanaoziacha ghafla siku wanapogundua wana mimba, kisha kesho yake wanapata kichwa kikali wasichokielewa. Mwili uliozoea kafeini ukinyimwa ghafla huanza kuuma kichwa ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo ni bora kupunguza taratibu. Wataalamu wengi hushauri mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na ni vizuri kukumbuka kwamba chai ya rangi iliyokolea, ambayo sisi hunywa asubuhi na jioni, nayo ina kafeini na huingia katika hesabu hiyo.

Mwezi wa Ramadhani unastahili kusemwa peke yake. Saumu hukusanya pamoja mambo ambayo kichwa cha namna hii hakiyapendi: njaa, kiu, kukosa kahawa ya asubuhi, na usingizi unaokatwa na daku. Dini yetu imempa ruhusa ya kufungua mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto aliye tumboni, na mashekhe wetu hulieleza jambo hili waziwazi kila mwaka. Pamoja na hayo nimewaona wanawake wakifunga huku wakitapika, kwa kuogopa maneno ya majirani. Mwenye kipandauso kikali na mimba changa azungumze na mkunga wake na shekhe wake kabla ya mwezi kuandama, aamue akiwa na akili iliyotulia, wala asiache uamuzi huo ufanyike saa nane mchana akiwa amelala sakafuni.

Sasa nizungumzie dawa, kwa sababu hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Dawa ya kwanza ya maumivu ya kichwa kwa mjamzito ni parasetamoli. Inafaa kunywewa mapema, shambulio linapoanza, kwa kipimo kamili cha mtu mzima cha gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, na jumla isizidi gramu 4 kwa saa 24. Kidonge kimoja kinachomezwa baada ya kuvumilia nusu ya siku hakisaidii sana, kwa kuwa wakati huo tumbo limekwisha kupunguza mwendo wake na dawa hainyonywi vizuri. Pale kichefuchefu kinapozuia kila kitu, daktari anaweza kuongeza dawa ya kutuliza tumbo kama metoklopramidi, ambayo hutumika kwa wajawazito na husaidia pia maumivu yenyewe. Zipo nyingine, kama sumatriptani, na dawa za kukinga mashambulio kama propranololi au amitriptilini kwa kipimo kidogo, lakini hizo ni za kuamuliwa na daktari anayejua historia ya mgonjwa na kupima faida na madhara.

Shida ni kwamba mtu mwenye maumivu haendi kwa daktari, huenda katika duka la dawa lililo karibu. Nikiwa na mimba ya pili, tumbo likiwa limekwisha kuonekana, muuzaji wa duka moja alinipa vidonge vya mchanganyiko wa parasetamoli na diklofenaki bila kuniuliza hata swali moja, akisema ndivyo vinavyokata kichwa haraka. Nilivirudisha kwa sababu tu nilisoma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao si dawa za mjamzito kujinunulia. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dawa za kundi hilo ziepukwe kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito, kwa kuwa zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi yanayomzunguka. Katika miezi ya mwisho huongezeka hatari nyingine, ya kuziba kabla ya wakati mshipa wa damu ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao hupaswa kubaki wazi hadi atakapozaliwa. Aspirini ya kutuliza maumivu nayo iko katika kundi hilo. Hata hivyo, kuna aspirini ya kipimo kidogo sana ambayo daktari humpa mjamzito aliye katika hatari ya kupata kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya mimba. Hiyo ni tiba nyingine kabisa, na aliyeandikiwa asiiache kwa sababu ya maneno yangu haya.

Dawa za ergotamini, ambazo baadhi yetu tulikuwa tukizitumia kabla ya kushika mimba, hazifai kabisa, kwa kuwa hubana mishipa ya damu na kukaza mji wa mimba. Valproeti, inayotumika kwa kifafa na wakati mwingine kukinga kipandauso, inaweza kuharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto katika wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba, na topirameti nayo huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mdomo uliopasuka. Anayetumia mojawapo ya dawa hizi na anayetarajia kushika mimba amwone daktari kwanza ili abadilishiwe, na anayezitumia kwa ajili ya kifafa asizikatishe mwenyewe. Hata parasetamoli ina mpaka wake: ikinywewa siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, yenyewe hugeuka chanzo cha maumivu ya kila siku. Nilikuwa na daftari dogo ambamo niliandika tarehe, saa ya kuanza, nilichokula na dawa niliyokunywa, na daftari hilo lilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu ya mdomo.

Kuna pia dawa za kienyeji. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na aliyenitunza vizuri mno, aliamini kwamba kichwa kinachorudi kila wiki kwa mwanamke mwenye mimba si cha hospitali, na alitaka nifukizwe na ninywe maji ya mizizi. Wapo pia walionishauri hijama. Nilimweleza mama kwa heshima kwamba kusomewa dua nakubali na nashukuru, lakini kitu cha kumeza ambacho hatujui nguvu yake sitaweza, na kutolewa damu wakati ninapewa vidonge vya kuongeza damu kliniki kungenirudisha nyuma. Alinielewa, na badala yake akawa ndiye anayenilowekea kanga katika maji ya baridi, akaikamua na kunifunga kichwani, akafunga madirisha kwa shuka nzito na kuwafukuza watoto uani. Giza, utulivu na ubaridi wa kanga hiyo viliniletea usingizi, na usingizi ndio huwa mwisho wa mashambulio yangu mengi.

Katika mimba hiyo ya pili, mwezi wa saba, kilinijia kichwa ambacho hakikuwa changu. Changu hushika upande wa kulia, hupwita, na hutulia nikilala. Hiki kilikaa paji zima la uso kama mzigo, hakikupwita, niliamka nacho baada ya kulala, na machoni nikawa naona vimulimuli ambavyo havikufanana na mistari ninayoijua. Vidole vilivimba hata pete ikagoma kutoka. Kituo cha kwanza nilichokwenda waliniuliza kama nina historia ya kichwa, nikasema ninayo, wakaniambia nikapumzike bila kunipima chochote. Jioni alikuja shangazi yangu, mkunga mstaafu, akaniangalia uso na kuuliza swali moja tu: "Mwanangu, umepimwa presha?" Nilipomjibu kwamba sikupimwa, akasema, "Basi vaa buibui twende." Presha ilikutwa juu, mkojo ukawa na protini, nikalazwa usiku uleule na kuanzishiwa dawa ya kuishusha. Nilibaki chini ya uangalizi hadi mtoto alipofikia wakati wa kuzaliwa salama.

Ninasimulia hili kwa sababu historia ya kipandauso, ambayo ingepaswa kuongeza umakini, ndiyo iliyotumika kunirudisha nyumbani. Wanawake wenye kipandauso wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata presha ya mimba na dalili za awali za kifafa cha mimba kuliko wasio nacho. Hali hiyo huanza baada ya wiki ya 20. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi huhitaji kufuatiliwa, na ya 160 kwa 110 ni dharura. Dalili zake ni kichwa kisichotulia kwa parasetamoli, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, na kuvimba ghafla kwa uso na mikono. Ikiachwa, mama huweza kupata degedege na kupoteza fahamu, naye mtoto huweza kufa tumboni. Dawa ya kuzuia na kutibu degedege hilo ni sindano ya magnesiamu salfeti. Kipimo cha presha huchukua dakika chache tu, na mjamzito ana haki ya kukiomba kila anapokwenda kulalamikia kichwa, hata kama wanaomhudumia wana haraka.

Yapo mengine ya kutofautisha. Kichwa chenye homa katika mkoa wetu ni malaria hadi kipimo kiseme vinginevyo, na malaria ya mjamzito haisubiri kesho. Kichwa chenye kizunguzungu, moyo kwenda mbio na viganja vyeupe huenda ni upungufu wa damu. Kichwa kinacholipuka ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, au kinachoandamana na shingo kukakamaa, mkono kulegea, maneno kupotea au degedege, ni cha kukimbizwa hospitali kubwa bila kupita dukani, kwa kuwa damu ya mjamzito huganda kwa urahisi zaidi na huweza kuziba mshipa wa ubongo. Na mwanamke ambaye hajawahi kuumwa kichwa maishani kisha kinamwanza akiwa mjamzito, asipewe jina la kipandauso kwa kukisia.

Baada ya kujifungua, estrojeni huanguka ghafla, na kipandauso hurudi kwa wengi ndani ya wiki chache, wakati ambapo usingizi umekatika na mwili umechoka. Parasetamoli na ibuprofeni huweza kutumika kwa mama anayenyonyesha, tofauti na ilivyokuwa mimba ikiwapo. Presha nayo huweza kupanda hadi wiki 6 baada ya kujifungua, kwa hiyo mzazi anayepata kichwa kipya apimwe presha vilevile. Aliyepigwa sindano ya ganzi ya mgongoni kwa ajili ya upasuaji, akipata kichwa kinachozidi anapoketi na kupungua anapolala, arudi kwa waliomfanyia, kwani kichwa hicho kina matibabu yake.

Na siku ya kwenda kuchagua njia ya uzazi wa mpango, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na ishara za macho au ganzi amwambie mhudumu kabla ya jambo lingine lolote. Vidonge vyenye homoni mbili, ambavyo vina estrojeni ndani yake, humwongezea hatari ya kiharusi, na Shirika la Afya Duniani limeviweka katika kundi la njia ambazo mwanamke wa namna hiyo hapaswi kuzitumia. Vipandikizi, sindano, kitanzi na vidonge vya homoni moja tu, projestini, havina estrojeni, na miongoni mwa hivyo ndimo mimi na mhudumu wangu tulimopata njia iliyonifaa.